Viini vya Mayai

"Njoo na viini viwili vya mayai," nilimwambia kwa simu,
"vibichi, chupani. Na usile kitu tangu jana jioni."
Amekuja na vitatu. Mkewe, anasema,
hesabu humpotea panapo ugonjwa.

Bwana Szilveszter Kárász, miaka sabini na tisa,
fundi mstaafu wa nyaya za reli, Püspökladány.
Kovu linamshuka kutoka chembe cha moyo hadi kitovuni,
jeupe kama uzi wa kushonea magunia.
Mwaka wa sabini na moja, vidonda vya tumbo:
wakamkata mishipa ya fahamu ili asidi ipungue.
"Walikata nyaya zangu, binti. Mimi, mtu wa nyaya!"
Anacheka, na kovu linacheka naye.

Nampaka jeli. Ni baridi. Anatamka neno
ambalo mama yangu asingelipenda.
Kwenye kioo, chini ya ini, mfuko wa nyongo umelala,
mweusi, mnene, kama biringanya.
Sentimita nane na nusu. Mvivu huyu.
"Kunywa sasa."
Anakunywa kwa mkupuo, macho kayafumba, kama pálinka.

Tunangoja.
Kioo changu hakionyeshi yanayotendeka huko chini:
tumbo linafungua mlango kidogo, tone linapita,
kali, chachu. Na ukutani mwa utumbo
seli moja iliyochomoza ncha kama kidole
inaonja, inashtuka, inaachia sekretini damuni,
na kongosho linajibu kwa maji ya magadi.
Moto unazimwa, mwenye nyumba hana habari.
Kisha mafuta yanafika.
Seli jirani inayaonja. Haina sauti,
ina neno tu, refu kuliko yenyewe: kolesistokinini,
nayo inalitupa mtoni kama barua isiyo na anwani.
Linapita inini, moyoni, mapafuni, moyoni tena,
linafika mpaka ukucha wa kidole cha mguu,
na ukucha hauelewi kitu.

"Nani ataupasha habari huo mfuko," anauliza,
"na nyaya zimekatwa?"
"Damu."
Ananyamaza. Halafu: "Majira fulani ya baridi
theluji ilikata nyaya zote hadi Karcag.
Tukampa dereva wa garimoshi karatasi.
Hakujua imeandikwa nini.
Ilichelewa, binti. Lakini ilifika."

Dakika ishirini: nane na nusu.
Dakika thelathini: nane na nusu.
Napangusa kioo, ingawa si kichafu.
Dakika ya thelathini na sita, shingo ya mfuko inatikisika,
ukuta unanenepa, naona ukijikunja:
sita, tano, nne, ngumi ya mtoto.
Na mwishoni mwa mfereji, kwa neno lilo hilo,
lango dogo linalegea.
Bana, limesikia hili. Legea, limesikia lile.
Sijapata kuona amri ya binadamu
inayotiiwa namna hiyo.

"Tumbo nalo huambiwa: subiri," namweleza,
"na ubongo: inatosha. Ila hiyo ya ubongo
hupenda zaidi kupita njia ya waya."
Ananitazama kwa muda.
"Ndiyo maana," anasema. "Miaka yote hii
sijui kushiba. Etelka hunyanyua sahani
na kusema basi, nami huona ananionea."

Labda, nasema. Sina uhakika. Mimi hupima tu.

Mlango unafunguka. Bi Etelka, koti bado lina theluji,
mkononi mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe, kitunguu juu yake,
kwa ajili ya baadaye.
"Haya," ananiuliza, "bado ana nyongo?"
"Anayo. Na inatoka vizuri."
"Hilo," anasema, akiukata mkate nusu kwa nusu,
"ningekwambia bila mashine."